Mchemshaji wa Mbugani na Mikono Yangu

Sikumbuki hata siku moja nilipomwona Mchemshaji akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Kuanza, ataanza amekaa. Atapuliza, atanywa mafunda mawili, halafu utamwona keshainuka na kikombe chake mkononi, anakwenda dirishani, anarudi mlangoni, anafunua chungu kilichoko motoni, anafungua droo hii na kufunga ile, anachungulia barabarani kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja. Chai inapoa. Anaimwaga nje na kuomba nyingine. Mama alikuwa akisema anapata kizunguzungu kwa kumtazama tu, na mama hakuwa mtu wa kizunguzungu, maana tangu usichana wake alikuwa akikata ziwa kwenye mtumbwi uliosheheni vyungu.

Mchemshaji ni jina walilompa watu wa Mbugani. Mganga alikataa kuitwa, akisema waganga yeye mwenyewe anawaogopa. Daktari alikataa vilevile, kwa sababu bwana dresa wa zahanati ya serikali alikwisha kumwonya kuhusu neno hilo. Basi watu wakatazama anachofanya kutwa kucha, wakaona anachemsha, wakamwita hivyo, naye akaitika. Alikuwa Mchina, wa kwanza kumwona maishani mwangu. Alitokea machimbo ya dhahabu ya Lupa, alikokuwa akiwapikia wachimbaji, miaka ile ya vita vya pili vya dunia, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Alifikaje Lupa? Kila aliyemwuliza alipewa jibu lake. Mimi sikumwuliza, na leo mtu akiniletea habari za ukoo wake namwambia akae nazo.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi wapo wanaomsimulia kana kwamba alikuwa malaika, na wapo wanaosema alikuwa tapeli aliyewauzia watu maji ya majani. Wote wananikera. Hawakuwahi kushikwa mkono naye. Mimi alinishika mikono yote miwili, akaiponya, na akanifungia maisha yangu kwa neno moja ambalo yeye mwenyewe alilisahau. Mtu wa namna hiyo utamweka fungu gani? Nimejaribu miaka yote hii, na hata sasa ninapomweleza siwezi kutulia.

Tulimjua kwa sababu ya vyungu. Sisi ni Wakisi wa Ikombe, kule milima inapoingia ziwani, na kwetu mwanamke ni udongo na mwanamume ni samaki. Mama alipeleka vyungu Kyela kila baada ya majuma machache, akabadilishana kwa mchele na ndizi. Siku moja akasikia kuna mgeni Mbugani, huko huko Kyela, anayetaka vyungu tu, hataki sufuria hata ya bure. Tukaenda. Yule bwana akatueleza kwamba dawa yake ikigusa chuma inageuka, kwa hiyo lazima ichemshwe kwenye udongo. Kisha akachukua mkaa, akachora sakafuni chungu cha ajabu: kinene, kina mdomo mdogo wa kumiminia kama wa birika, na mpini mmoja mnene ubavuni. Mama akakitazama kile kitu, akaniambia kwa Kikisi kwamba huyu anataka tumfinyangie bata. Lakini alikifinyanga. Mama akichokozwa katika kazi yake hakuweza kuacha.

Tulipompelekea cha kwanza, akakigeuza, akakigonga kwa kucha, akasikiliza mlio wake, akasema ni kizuri. Halafu akaona mikono yangu.

Mikono yangu wakati huo nilikuwa naifunga khanga nikitoka nyumbani. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuangaliwa, na viganja vyangu vilikuwa vimepasuka kama tope la jaruba wakati wa kiangazi. Katikati ya vidole palitoka maji. Kwenye viwiko ngozi ilikuwa nene, kavu, inayobanduka magamba. Na kuwasha, jamani. Mtu asiyewahi kuwashwa hawezi kuelewa. Maumivu unaweza kuyanyamazia, lakini kuwashwa kunakunyang'anya akili. Huwezi kusali, huwezi kusikiliza unachoambiwa, unawaza kucha tu. Bwana dresa alinitazama, akanichoma kwa pini, nikapiga yowe, akamwambia mama wazi kuwa huu siyo ukoma, ni ukurutu, akanipa mafuta ya manjano yanayonuka. Alisema kweli, na alisema kwa upole. Lakini watu wa kwetu pwani ya ziwa hawakuwepo alipochoma pini. Kule Lyulilo sokoni wanawake walianza kumwuliza mama, kwa adabu, vyungu vipi amefinyanga yeye na vipi nimefinyanga mimi. Ukiulizwa hivyo mara ya pili, ujue kazi yako imekwisha. Na mimi sikuwa na kingine ninachokijua wala ninachokipenda duniani zaidi ya kushika donge la udongo na kulipandisha. Hilo tu ndilo nililokuwa naliombea: mikono ipone, nirudi kwenye udongo watu wasininyooshee kidole.

Mchemshaji akanifungua khanga bila kuuliza. Akanishika mkono kwenye kifundo kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo, kisha akashika wa pili. Halafu akaniambia nitoe ulimi.

Kwetu humtolei mtu mzima ulimi. Mtoto akifanya hivyo anachapwa, msichana akifanya hivyo mama yake ndiye anayetukanwa. Nikamtazama mama, mama akatazama pembeni. Yule bwana akadhani sikuelewa, akautoa wake, mrefu, ili anionyeshe. Mama akatoka nje, akaenda kusimama barabarani ameupa mlango mgongo, na mimi nikautoa ulimi nikiwa nimefumba macho kwa aibu. Akautazama kwa muda mrefu. Akasema kuna upepo chini ya ngozi yangu, na joto, na unyevunyevu, vyote vitatu vimefungiwa humo na vinatafuta mlango. Mama aliporudi akaelezwa, akauliza, "Upepo, joto na maji si ndiyo Kyela yenyewe?" Mchemshaji akakubali kwamba ndiyo, na kwamba nchi nzima hii inahitaji dawa.

Mapatano yakawa mama amfinyangie vyungu, yeye anitibu. Nikawekwa kwa mama mdogo, ndugu wa mama aliyeolewa pale Mbugani, na kila asubuhi nikaenda kunywa. Hapo ndipo nilipomjua.

Watu hakuwaita kwa majina. Aliwaita kwa kinachowauma. Palikuwa na mzee wa kanisa mwenye vidonda vya ukosi, huyo aliitwa Shingo, naye aliitika kwa heshima zote. Mimi nilikuwa Mikono. Mama alikuwa Mama Vyungu, kwa sababu hakuumwa na kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, cha kuamrisha, lakini salamu alijifunza za Kinyakyusa na alizipenda. Alikuwa akiwasalimu watu "mugonile", salamu ya asubuhi, hata jua likiwa linazama, wao wakiwa wanarudi shambani, na hakuna aliyemsahihisha kwa kuwa ilikuwa burudani ya mtaa mzima. Ukimshukuru kwa "ndaga" alikuwa anapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Dawa yenyewe sitaisahau. Aliichemsha mara tatu katika maji tofauti. Maji ya kwanza na ya pili aliyachanganya, ukanywa asubuhi na jioni, meusi, machungu, mpaka masikio yanasikia. Maji ya tatu yalikuwa ya kuloweka mikono. Ndani yake palikuwa na mizizi ya kwao aliyokuja nayo katika lile sanduku la droo nyingi ndogondogo, palikuwa na maganda ya machungwa aliyoyaanika juu ya bati, na palikuwa na maganda ya nyenze. Unawajua nyenze, wale wadudu wanaopiga kelele juu ya miti jua likikaza. Wakikua wanavua ngozi yao nzima na kuiacha imening'inia kwenye gome, tupu, yenye miguu na macho. Hayo ndiyo aliyoyataka. Alisema mdudu anayeweza kuivua ngozi yake salama anajua kitu ambacho mgonjwa wa ngozi hakijui. Basi wanawake wazima tulikuwa tunazunguka kwenye miembe na mivule ya watu tukichuma maganda ya wadudu, wenye mashamba wanatutolea macho.

Alitaka na magamba ya nyoka pia, aliyoyavua nyoka mwenyewe. Bwana mmoja wa Ngana akamletea moja zima, refu, limekunjwa kwenye jani la mgomba. Hilo halikupita hivihivi. Wazee wakatumwa na Malafyale, chifu wetu, kuja kuuliza nyoka ni wa nini. Mchemshaji hakujitetea. Alilichoma mbele yao, akalisaga, akalitia kwenye kikombe cha dawa, akakinywa chote, tena amesimama kama kawaida yake. Wazee wakakaa wakisubiri aanguke. Walipochoka kusubiri, mmoja wao akavua kiatu na kumwonyesha kidole cha mguu kilichokuwa kinamsumbua. Toka siku hiyo akaitwa Kidole.

Sasa nikueleze vituko vyake, maana bila hivyo utadhani namsifu. Alikuwa akituhubiria subira kutwa. Ngozi haina haraka, alikuwa akisema, ngozi inasikia polepole, usiikimbize. Yeye mwenyewe chungu kikichelewa kuchemka alikuwa akikitukana kwa lugha yao. Alitukataza pilipili, pombe, nyama ya mbuzi, hasira, na zaidi ya vyote samaki. Kumkataza Mkisi samaki, fikiria mwenyewe. Alisema samaki anaamsha ugonjwa uliolala. Halafu saa sita unamkuta mlangoni pake, mbele ya wagonjwa wote waliokaa foleni na matumbo yao matupu, anakula usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwa pilipili kichaa, anaguguna mpaka vichwa. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamwuliza mbona yeye anakula. Akasema yeye haumwi. Na huku anasema hivyo anajikuna nyuma ya sikio, palipokuwa na ukurutu mwekundu kama wangu, ambao nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza. Nikamwambia. Akashusha mkono, akasema dawa hii inataka mtu anayeweza kukaa mahali pamoja mpaka imalize kazi yake.

Na kweli hakuweza. Meli ikisikika imefika Mwaya, Mchemshaji anafunga sanduku. Anaziba droo kwa matambara, anazungushia kamba, anatuaga mmoja mmoja akisema sasa anakwenda kwao, inatosha. Wagonjwa wanakimbilia kuomba dozi ya mwisho, wanawake wengine wanalia. Meli inaondoka. Kesho yake unamkuta anafungua kamba, na kwa kuwa amepanga droo upya kwa mpangilio mwingine, wiki nzima hapati anachokitafuta na hasira zake zinatuishia sisi. Mwanzoni nilikuwa natishika. Baadaye tulizoea, tukawa tunaendelea kunywa dawa yetu huku anafunga.

Miezi ikapita. Shingo akapona, kola yake ya Jumapili ikakaa vizuri. Kidole akaanza kuvaa viatu. Mimi, hakuna. Nitatulia siku mbili, ya tatu mikono inachemka. Mchemshaji akawa ananitazama vibaya. Akaniongezea mizizi, akanipunguzia, akanibadilishia. Mwisho akanishutumu mbele ya watu kuwa nakula samaki kwa siri. Damu ilinipanda. Sikuwa nimeonja samaki tangu aliponikataza. Nilikuwa natazama wenzangu wakila ugali kwa usipa na mimi natafuna kisamvu. Nikamwambia kama hajui kutibu aseme hajui, asinisingizie. Akasema basi nitakunywa pale pale, kwenye chungu kipya kabisa, akiniangalia.

Mama alikuwa ameleta vyungu vipya asubuhi ileile na bado alikuwa amekaa barazani akipumzika. Mchemshaji akachukua kimoja, akatia maji matupu ili akisuuze kwa moto kwanza. Maji yakaanza kutoa mvuke. Akainamisha uso kuutazama, akasimama kidogo, akarudisha pua. Akanusa tena. Halafu akaita kwa sauti ya chini.

"Mama Vyungu, humu ndani kulikuwa na nini?"

"Usipa," mama akasema.

"Usipa wa nini?"

"Kwani ulitaka nikupe chungu kinachovuja?"

Ngoja nieleze. Kwetu chungu hakitoki nyumbani kwa mfinyanzi kikiwa kikavu. Kikishachomwa na kupoa, mwanamke anapika ndani yake usipa mwingi kwa maji kidogo, unachemka mpaka unakuwa rojo, mafuta yake yanaingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Ndipo anakiosha na kukipeleka sokoni. Ni adabu ya kazi. Hakuna anayeitaja, kama ambavyo humwambii mgeni kuwa umefagia. Na mama, kwa kuwa huyu alikuwa anamtibu mwanawe, vyungu vyake alivipika mara mbili kuliko vya wengine. Kwa hiyo Mbugani nzima, wale wote waliokatazwa samaki, tulikuwa tumekunywa supu ya samaki asubuhi na jioni.

Mchemshaji alikaa chini, sakafuni. Akacheka mpaka akashika mbavu, na sisi tukacheka, hata mama aliyekuwa hajaelewa kosa lake. Kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni. Akauliza, kama anayejiuliza peke yake, na Shingo je? Na Kidole? Maana nao walikunywa usipa, na wamepona. Basi kilichowaponya ni nini, na kilichonikatalia mimi ni nini? Akainuka, akaanza kutembea. Siku zile zilizofuata hakutembea chumbani tu, alitembea barabara ya Ipinda akaenda na kurudi, akizungumza na vidole vyake.

Alipotuita, macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametengeneza dozi nyingi kwa mara moja, amezifunga kwenye majani makavu, na chungu kimoja amekipika kwa uji wa mchele badala ya samaki. Akamwambia mama sasa ameona. Samaki kwa wengine anapita tumboni tu, lakini kwangu yumo kwenye mikono, kwa sababu udongo wote wa Ikombe unashikwa na mikono iliyopika usipa. Akanigeukia, mama akiwepo, akasema, "Mikono, usiguse udongo."

Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Mama akaitikia kwa niaba yangu.

Meli ilikuja wiki ileile. Alifunga sanduku, akatuaga, na hakuna aliyejali. Safari hiyo alipanda.

Mikono yangu ilipona. Nakiri mbele ya wote wanaomwita tapeli. Kiangazi hakikuisha viganja vikafunga, vidole vikakauka, viwiko vikawa laini kama vya mtoto. Sijui kama ni mizizi, au uji wa mchele, au kukaa bila udongo. Yeye pia hakujua. Nikakimbia kwa mama Ikombe nikamwonyesha, nikamwambia sasa nirudi kazini. Mama akakataa.

Kwetu mwiko ukiwekwa na aliyekutibu, unaondolewa na yeye aliyeuweka. Hakuna mwingine. Siyo mama, siyo mchungaji, siyo Malafyale. Akifa kabla hajauondoa, unazikwa nao. Mama aliliamini hilo kuliko alivyoamini mambo mengine mengi, na kwa kuwa mikono ilipona kweli, nani angethubutu kumbishia? Nilimwambia yule bwana ni Mchina, hajui mambo yetu. Mama akasema ngozi yangu inayajua.

Basi nikakaa. Nikaolewa Ipinda, kwa mwanamume mwema wa mpunga na ndizi, tukazaa. Tope la jaruba mama aliliruhusu, kwa kuwa hakuna anayelifinyanga. Lakini kusiriba nyumba hapana, kwa hiyo kila mwaka wifi zangu walinisiribia kuta huku wakinung'unika kwamba kaka yao ameoa Mkisi asiyejua udongo. Walidhani najidai. Niliuza vyungu vya wenzangu, nikivigonga kwa kucha na kuwasifia wanunuzi kazi ambayo mimi siruhusiwi kuifanya. Nilimtafuta Mchemshaji kila njia. Kwa watu wa mitumbwi nilisikia yuko Karonga, nikatuma salamu, zikarudi kuwa keshahama. Mara yuko Nkhata Bay, mara amevuka upande wa Songea. Mtu hakai. Nilimchukia kwa kutokaa kwake kuliko kwa jambo jingine lolote. Nilikuwa nikiamka na vidole vyangu vinazungusha hewa.

Mama alikufa mwaka ambao watu walianza kuzungumza habari za Uhuru hadharani. Baada ya matanga, bwana mmoja wa mpunga akasema kuna mzee wa Kichina ameonekana Ngana, kwa wakulima karibu na mto. Sikungoja kuaga.

Nilimkuta barazani, amekaa. Miguu ilikuwa imevimba, haimbebi tena, lakini vidole vyake vilikuwa vikimenya machungwa bila kupumzika, na maganda yamejaa ungo mzima. Ukurutu wa nyuma ya sikio ulikuwa umeshuka shingo yote. Nikamsalimu. Hakunijua. Akanyoosha mkono kuomba mikono yangu, akaishika, akaigeuza, na hapo uso ukamfunguka. Akaita wenye nyumba waje waone. Aliwaonyesha viganja vyangu, kucha, katikati ya vidole, akawaambia hii ilikuwa imeoza, tazameni sasa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nami, kwa hasira yote niliyotembea nayo njia nzima, nilijikuta namhurumia.

Wenyeji walipoondoka nikamwambia kilichonileta. Hakuelewa. Akauliza mwiko gani. Nikamkumbusha: udongo.

"Lakini ile ilikuwa mpaka ngozi ikauke," akasema. "Miezi tu."

"Hukurudi kusema."

Akanitazama, akatazama mikono, akaanza kuhesabu umri wangu kwa macho. Nikaona anaelewa. Nilitegemea ataomba radhi. Badala yake akaikaza mikono yangu akasema hataki. Nikirudi kwenye udongo itapasuka tena, anaijua ngozi ya namna hii, hailali milele. Wagonjwa wake wote aliwaacha akaondoka, hakujua nani alipona na nani alikufa, na hii ndiyo kazi yake pekee aliyoiona kwa macho ikiwa imekaa. Akanisihi nimwachie.

"Baba," nikamwambia, "wewe umeitazama leo. Mimi nimekaa nayo siku zote ikiwa haina kazi. Mama amekufa mimi sijui nusu ya alichokijua. Niondolee."

Akautazama ungo wa maganda. Kisha akauliza inasemwaje. Nikamweleza kuwa anatia maji mdomoni, anayapuliza chini, anasema neno lake analichukua. Maji hayakuwa karibu. Palikuwa na kikombe cha dawa yake mwenyewe, imepoa, hajainywa. Akauliza kama hiyo inafaa, nikasema inafaa. Akaijaza mdomoni, akapuliza kati ya miguu yangu, akapangusa kidevu, akasema, "Neno langu nalichukua. Shika udongo." Kisha akaachia mikono yangu, akageuza uso, na hakuniaga.

Wiki ileile nilikuwa Ikombe, nimekaa kati ya wanawake wa rika la mama, nimeomba donge. Vidole vilikumbuka kupandisha ukuta wa chungu. Vilipofika kwenye mdomo, pale ukuta unapogeuzwa nje, havikujua pa kwenda. Sehemu ile mama hakuwa amenifikisha. Wenzangu walinionyesha kila mmoja kwa namna ya mama yake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kama mama yangu alivyokuwa akigeuza. Nililia pale pale mbele yao. Chungu changu cha kwanza kilikaa upande, na cha pili pia, nikavirudisha Ipinda vyote viwili na donge kubwa la udongo kwenye jani la mgomba.

Masika yalipochanganya, kidole cha shahada kikaanza kuwasha. Kikafuata kiganja, kisha maji katikati ya vidole, kama zamani. Mume wangu akaona, akasimama mlangoni, akasema atatafuta baiskeli anipeleke Ngana kwa yule mzee. Nikamwambia aache baiskeli, aniletee maji, udongo unanikaukia.